Kufuli la Tranka, Kituo Namba Saba

Sehemu ya Kumi na Moja

"Nimeuliza, hili kufuli la nani?"

Ndiyo, msomaji, tupo pale pale tulipoachana Jumapili: Durban, eneo la Clairwood, uani mwa Kituo Namba Saba cha umeme. Ni Alhamisi, tarehe tisa, mwezi wa tisa, mwaka tisini na tisa. Saa nne na robo asubuhi. Mista Perumal, msimamizi wa kituo, amenyoosha kidole kuelekea mkono wa swichi ya Laini ya Pili. Na kwenye mkono ule linaning'inia kufuli dogo, kuukuu, limepakwa rangi ya kucha nyekundu.

Hatua nne kutoka hapo amesimama Respicius, mlinzi wa lango, Mtanzania wa Bukoba, kifua mbele, sare imepigwa pasi. Mkono mmoja uko mfukoni. Na mfukoni mle vidole vyake vinaugusa ufunguo.

Aliyekosa gazeti la wiki jana nampa dakika moja tu, maana mambo ni mengi.

Siku ile nchi nzima ilikuwa inafanya mazoezi. Wataalamu walikuwa wanahofia kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zitapagawa na umeme utakatika kila mahali. Kwa hiyo wenye umeme wakaamua kujaribu kuishi siku moja bila kompyuta: amri zote kwa redio kutoka Kontroli, makao yanayoongoza vituo, kila swichi kwa mkono wa mtu. Saa mbili asubuhi Kituo Namba Saba kilizima Laini ya Pili ili mafundi waikague. Saa tano kamili waiwashe. Kazi ya dakika moja.

Ila kuna sheria ya makufuli. Kila fundi, kabla ya kuingia kwenye nyaya, hutundika kufuli lake kwenye mkono wa swichi, lenye kadi ya jina lake na picha yake. Ufunguo ni mmoja na hukaa shingoni mwake. Akitoka, analifungua mwenyewe. Likibaki hata kufuli moja, maana yake ndani kuna mtu, na umeme hauwashwi hata aje waziri na msafara.

Saa nne mafundi walitoka, wakafungua makufuli yao, wakaenda kunywa chai. Respicius akapita, akaona mkono wa swichi uko wazi, hauna hata kufuli moja.

Sasa walinzi hawaalikwi kwenye somo la makufuli. Respicius alichokijua yeye ni bweni. Miaka minne ya sekondari ya bweni ilimfundisha kwamba kisichofungwa kufuli kitaondoka, iwe sukari, iwe sabuni, iwe mswaki. Aidha, mwezi wa saba wezi walikuwa wamepita zamu yake wakaondoka na nyaya za shaba, na kampuni yake ikamwambia ikipotea hata skrubu moja tena, arudishe sare. Kwa hiyo siku ile kubwa alikuwa amekuja na silaha yake: kufuli la tranka lake, alilonalo tangu kidato cha kwanza. Akalitundika. Akalivuta mara mbili. Akarudi langoni akipiga mluzi.

Haya. Tuendelee.

"Si langu," alisema fundi wa kwanza, Mzulu mrefu.

"Wala langu," alisema mwenzake, mfupi.

Mista Perumal akamgeukia fundi wa tatu. Huyo ni Désiré, Mkongomani wa Lubumbashi, mtu wa miaka arobaini, mpole, rafiki wa Respicius, wanaishi chumba kimoja mtaa wa Overport. Kwao aliendesha mitambo ya umeme miaka kumi na mmoja. Vita vilipomtoa, Durban ilimpa kazi ya kulinda magari kwenye maegesho ya maduka. Miaka miwili kavaa fulana ya kung'aa, anawaambia watu "sharp, boss", yaani safi, bosi. Ni Mista Perumal aliyemwokota pale, siku Désiré alipousikiliza mngurumo wa gari lake na kumwambia kifaa gani kitakufa kabla ya Ijumaa. Kikafa Alhamisi.

Leo miezi mitatu ya majaribio ya Désiré inaisha. Barua ya ajira ya kudumu iko kwenye mfuko wa shati la Mista Perumal, inasubiri saini. Kwa barua ile mke wake, Marie-Louise, na watoto wao wawili wataweza kuombewa karatasi za kutoka Lubumbashi. Bila barua, Désiré anarudi kwenye fulana ya kung'aa, na Marie-Louise anabaki vitani.

"Na wewe, Désiré?"

Désiré aliinamia swichi. Alikuwa analitazama lile kufuli. Kisha akamsogelea Respicius, akanong'ona Kiswahili, lugha ambayo Mista Perumal haijui hata kwa salamu.

"Respi. Ile kufuli iko ya tranka yako."

"Nyamaza, kaka."

"Minaiona kila siku wakati minalala. Mi nalala chini, iko hapa, karibu na pua yangu. Rangi ni ile ya Sia."

Kweli tupu. Rangi ilikuwa ya Sia, mchumba wa Respicius, binti wa Machame anayesuka nywele Overport.

"Nikisema ni langu nafukuzwa," Respicius alinong'ona. "Nikifukuzwa, Ezekieli ananinyima dada yake. Unamjua Ezekieli."

Désiré anamjua, na wewe msomaji unamjua. Ni kaka yake Sia, mzee wa kanisa, mtu wa tai hata siku ya kufua, anayejiita mfanyabiashara bila kutaja biashara. Jumapili alifika chumbani kwao kumkagua bwana harusi. "Kwani hicho kituo chako kina umuhimu gani?" alimuuliza Respicius kwa dharau. Respicius hawezi dharau. Akamweleza kituo kizima, ukubwa wake, hatari yake, mazoezi ya Alhamisi, akamchorea na ramani hadi pale anapokaa yeye na kiti chake. Ezekieli akaondoka anatabasamu, kasema atafikiria.

Redio ikakoroma. "Kituo Saba, Kontroli hapa. Wenzenu wamewahi. Mnaweza kuwasha sasa hivi, msisubiri saa tano. Mko tayari?"

"Kontroli, hatuko tayari." Mista Perumal alilitazama tena lile kufuli. "Tuna kufuli lisilo na mtu."

"Rudia, Kituo Saba?"

"Kufuli. Halina. Mtu."

Redio ile husikika vituo vyote, mkoa mzima. Sauti kutoka kituo cha Pinetown ikauliza kwa upole kama wametafuta pia mtu asiye na kufuli. Vituo vingine vikaangua kicheko. Mista Perumal, mtu wa miaka ishirini na nane kazini bila doa, masikio yakawa mekundu.

"Boss, tulikate," alisema fundi mrefu, na tayari alikuwa na mkasi wa chuma mkononi. "Dakika moja, yaishe."

"Weka chini huo mkasi."

"Lakini boss..."

"Weka chini!"

Mkasi ukawekwa chini.

"Mwaka themanini na tatu," alisema Mista Perumal, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "tulikuwa na kufuli moja kama hili. Mwenyewe haonekani. Wakasema kalisahau, kaenda kula. Wakalikata. Alikuwa nyuma ya transfoma, ameinama anafunga kamba ya kiatu. Mimi ndiye nilikwenda kumwambia mkewe. Kwa hiyo hapa halikatwi kufuli. Mkoa mzima ulale giza, halikatwi."

Hakuna aliyecheka. Respicius alihisi ule ufunguo umekuwa mzito, akatamani ardhi impasukie.

Huko nje mambo yalikuwa yanachacha. Robot zote, yaani taa za barabarani, zimezimika, malori ya bandarini yamekutana katikati ya njia panda na hakuna anayempisha mwenziwe. Honi kila kona. Mwenye ghala la kuku wa barafu alikuwa amening'inia kwenye uzio, anapiga kelele kwamba kuku wake elfu sita wanaanza kulainika na atawaleta hapa wote wamlilie Perumal.

"Basi," alisema Mista Perumal. "Naita polisi. Kila mtu apekuliwe mifuko. Tunaanza na mlinzi."

Respicius alifumba macho. Akamwona Sia anaolewa na mtu mwingine, mtu mwenye gari.

"Iko ya kwangu, chef!"

Macho yakafunguka. Désiré, anayemwita bosi "chef" kama kwao, alikuwa amepiga hatua mbele, kanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Yako?" Mista Perumal alimtazama juu hadi chini. "Wewe? Wewe unayeandika jina hata kwenye kijiko?"

Hapo alisema kweli. Désiré alilelewa na masista, na masista walimtia adabu: jina juu ya kila kitu. Jina kwenye kijiko, jina kwenye soksi, jina na tarehe juu ya kila ukurasa wa daftari lake kabla hajaandika neno. Na leo kufuli lake halina kadi wala herufi moja?

"Nilisahau, chef."

"Lifungue."

"Ufunguo..." Désiré alimtupia Respicius jicho. "Ufunguo iko kwa koti. Chumba ya chai."

"Mlinzi, mletee koti lake."

Mungu anaweza! Respicius alikimbia. Akaingia chumba cha chai, akaliona koti, akatoa ufunguo kuutumbukiza mfukoni. Lo! Koti halina mfuko. Lilikuwa koti la mtumba, mifuko ya kushonwa kwa urembo tu, ukitia kidole kinagonga kitambaa.

Akazunguka. Mezani palikuwa na chakula cha siku ya mazoezi, Mista Perumal alikuwa amekinunua kwa moyo mwema: bani za watu wote, yaani nusu mkate uliotobolewa katikati na kujazwa mchuzi. Nne za mbuzi, moja ya maharage. Respicius akapiga hesabu haraka. Mista Perumal anakula mbuzi. Zamu za mchana Respicius alikuwa amemwona mara nyingi akichambua mifupa. Mafundi nao mbuzi. Ya maharage basi itakuwa ya Désiré, maana ndiye analalamika tumbo.

Akauzamisha ufunguo kwenye maharage. Akaufunika kwa mkate. Akatoka na sinia, anatabasamu.

"Koti liko wapi?" aliuliza Mista Perumal.

"Sir, nimeona kwanza watu wale. Njaa inasahaulisha vitu." Kisha kwa Kiswahili, bila kumtazama mtu: "Kaka, chukua ya maharage. Usitafune haraka."

Désiré akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukawahi.

"Hiyo yangu," alisema Mista Perumal. "Leo Alhamisi. Alhamisi sili nyama."

Alhamisi! Nani alimwambia Respicius mambo ya Alhamisi? Alhamisi nyingine zote huwa anafanya zamu ya usiku, na usiku Mista Perumal yuko kwake.

"Sir, hiyo imepoa!"

"Napenda iliyopoa."

"Sir, ina nzi!"

"Mimi na nzi wa Clairwood tunafahamiana."

Akauma. Akatafuna mara moja. Mara mbili.

Krak!

Mista Perumal aliganda. Akaingiza vidole viwili kinywani, akatoa kwanza kipande cha jino, halafu ufunguo. Akaufuta maharage kwa kitambaa, taratibu, akauinua juani.

Mafundi wakashangilia. Wao walichokiona ni ufunguo tu. Fundi mfupi alipiga makofi, mwenye kuku akashangilia kutoka uzioni bila kujua anashangilia nini. Mista Perumal akatembea hadi kwenye swichi, akauleta ufunguo kwenye kufuli, ncha ikagusa tundu.

Akasimama hapo hapo.

"Ufunguo ninao," alisema. "Mwenyewe sinaye."

"Boss, fungua tu!"

"Mkono wa mwenyewe, ndiyo sheria. Nikilifungua mimi ni sawa na kulikata." Akageuka. "Désiré. Ufunguo wa kufuli lako umefikaje kwenye maharage yangu?"

Désiré alifikiri. Kudanganya hakukuwa kazi yake, na alionekana anavyotaabika.

"Chef," alisema mwishowe, "ni kwa ajili ya usalama."

Fundi mrefu alikohoa kuficha kicheko. Mista Perumal hakucheka. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa ile barua, akaikunjua.

"Miezi mitatu nimekuangalia. Sijaona fundi kama wewe tangu nianze kazi hii. Jino nakusamehe. Maharage nakusamehe. Lakini mtu anayetundika kufuli bila jina, halafu anaficha ufunguo, siwezi kumkabidhi swichi ya umeme wa watu. Kesho atamuua mtu. Samahani, rafiki yangu."

Akaishika barua kwa mikono miwili, juu, tayari kuichana.

Désiré alibana mikono mapajani. Na jambo moja lilimchoma Respicius kuliko yote: Désiré hakuwa anaitazama ile barua, wala hakumtazama yeye usoni. Alikuwa anatazama viatu vyake Respicius, kwa makusudi, ili jicho lisije likamsaliti rafiki yake.

Yule mtu hulala sakafuni, na picha ya Marie-Louise chini ya mto. Kila usiku huitoa, huisemesha maneno mawili ya Kifaransa, huirudisha. Respicius hujifanya amelala. Sasa aliona aibu, aibu ya kweli.

Barua ikaanza kuchanika pembeni.

"Langu!" Respicius alipiga kelele. "Ni langu! Kufuli la tranka! Nimelitundika mimi!"

Mista Perumal akasimamisha mikono. Barua ilikuwa imechanika kama ukucha hivi.

"La nini?"

Hapo Respicius akafunguka. Maneno yalimtoka kwa mkupuo, Kiingereza na Kiswahili pamoja: bweni, tranka, wezi wa mwezi wa saba, swichi iko wazi, mlinzi asiye na kufuli ni mlinzi gani, na mswaki wake alioibiwa kidato cha pili, mpya, wa bluu, hajautumia hata mara moja.

"Mswaki?" aliuliza Mista Perumal.

"Wa bluu, sir. Na ufunguo wa maharage pia ni mimi. Désiré hajui lolote, alitaka kuniokoa tu. Nifukuze mimi."

Mista Perumal alipapasa pengo jipya kwa ulimi. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka, msomaji, akacheka mpaka akashika nguzo. Mafundi wakacheka. Respicius hakujua acheke au alie, akafanya vyote.

"Njoo ufungue," alisema Mista Perumal akijifuta machozi. "Kwa mkono wako. Sheria ni sheria."

Respicius akafungua. Mista Perumal akachukua kitabu cha kituo akaandika kwa sauti: "Mwenye kufuli: Respicius, mlinzi. Sababu ya kufunga: mswaki." Akamwonya kwamba habari za kampuni ya ulinzi watazizungumza baadaye, lakini alisema kwa sauti ya mtu ambaye hasira zimemtoka. Saa ilikuwa inasema tano kasoro dakika saba.

"Na wewe, mwongo usiyejua kudanganya," akamwambia Désiré, "njoo hapa. Tuimalize hii kabla sijawasha. Mlinzi, nipe mgongo."

Respicius akainama. Barua ikawekwa mgongoni kwake. Akasikia ncha ya kalamu ikitekenya kupitia sare: P, E, R. Désiré alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili. U.

"Chwaa!"

Kalamu ikasimama. Mtu alikuwa amepiga chafya.

"Afya, boss," alisema fundi mrefu.

"Si mimi."

"Si mimi," alisema mfupi.

Wakatazamana. Ile chafya ilikuwa imetoka chini. Kwenye uwanja ule kuna mtaro wa nyaya, umefunikwa kwa mabamba ya chuma, unaanzia ukutani unakwenda moja kwa moja hadi chini ya Laini ya Pili. Chafya ikaja ya pili, ndogo, ya mtu anayejizuia.

Mafundi wakalishika bamba la kwanza, wakalibinua. Hakuna. La pili. Hakuna. La tatu.

Mtu alikuwa amelala chali mle ndani, vumbi hadi kwenye kope, msumeno wa chuma kifuani, gunia la vipande vya shaba chini ya kichwa. Mkono wake mmoja ulikuwa umezungushwa kwenye waya wa Laini ya Pili wenyewe. Na shingoni, nakwambia, alikuwa amevaa tai.

Mista Perumal alikaa chini pale pale kwenye kokoto.

"Saa nne na robo," alisema. "Kontroli waliniruhusu kuwasha hata kabla ya saa tano. Ningewasha. Ningenyoosha mkono tu." Akamtazama Respicius, na macho yalikuwa yamejaa maji. "Kufuli lako ndilo lilinizuia. Unaelewa? Huyu mtu angekuwa mkaa. Mswaki wako umeokoa roho ya mtu."

Respicius alihisi kifua kinapanda chenyewe. Kampuni itamwandikia cheti. Sia atakitundika ukutani. Ezekieli mwenyewe atasema...

"Shemeji!" alisema mtu wa mtaroni.

Kifua kikashuka.

Alikuwa Ezekieli. Mzee wa kanisa, kaka yake Sia, mfanyabiashara ambaye biashara yake sasa wote tumeijua.

"Shemeji, nitoe humu, mguu umekufa ganzi. Tangu alfajiri niko humu."

"Anasemaje?" aliuliza Mista Perumal. "Shemeji ndiyo nini?"

Ni Désiré aliyejibu, jasho linamtiririka.

"Iko salamu, chef."

Wakamvuta Ezekieli nje. Alipokuwa anasimama, karatasi ikadondoka kutoka mfuko wa koti lake, imekunjwa mara nne. Mista Perumal akaiokota, akaikunjua.

Ilikuwa ramani. Lango lilikuwepo. Kiti cha mlinzi kilikuwepo, kimechorwa hadi mto wake. Tundu la ukuta upande wa reli, mtaro, mishale. Na chini, saa na siku: Alhamisi, saa mbili, Laini ya Pili inazimwa.

Respicius aliutambua mchoro wake. Jumapili, mbele ya mgeni, alikuwa amenyakua karatasi ya kwanza iliyokuwa mezani bila kuangalia ni ya nani. Sasa aliangalia. Juu kabisa ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri wa masista, palikuwa na tarehe, na jina: Désiré.

Mista Perumal alilisoma mara tatu. Akainua uso polepole. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka.

"Désiré. Karatasi hii ni yako?"

"Karatasi iko yangu, chef." Sauti haikusikika vizuri. "Imetoka kwa daftari yangu."

"Na aliyechora?"

Macho ya Désiré yakashuka chini, yakatafuta tena viatu vya Respicius, yakatulia hapo.

Ezekieli akamsogelea Respicius ubavuni. "Shemeji, kaa kimya," alinong'ona. "Mkongo atasema ni yake, ameshazoea. Nami Jumamosi nakupa Sia, mbele ya kanisa zima. Ukisema, tunakwenda jela wote wawili, na dada yangu humwoni tena."

Redio ikakoroma. "Kituo Saba, imebaki dakika moja. Mko tayari kuwasha?"

Mista Perumal alikuwa ameshaichukua ile barua. Herufi nne za jina lake zilikuwa pale, wino haujakauka. Akaiweka kalamu juu ya herufi hizo, si kuzimalizia, bali kuzifuta.

Respicius alikuwa na kufuli mkono wa kushoto na ufunguo mkono wa kulia. Akamfikiria Sia, na chupa ndogo ya rangi nyekundu, na vidole vyake siku ile alipolipaka kufuli huku anacheka. Halafu akatembea hatua nne hadi kwenye swichi ya Laini ya Pili, akalitundika kufuli la tranka kwenye mkono wake, akalibana. Tak! Akalivuta mara mbili. Ufunguo akaufunga kwenye kamba ya filimbi yake, akauvaa shingoni.

Kalamu ikasimama.

"Wewe!" Mista Perumal alipiga kelele. "Umefanya nini? Imebaki nusu dakika! Fungua!"

"Siwezi, sir. Ndani bado kuna mtu."

"Mtu gani? Tumeshamtoa!"

"Mimi," alisema Respicius. "Mimi ndiye bado sijatoka. Na halifunguliwi mpaka unisikilize kuhusu hiyo ramani."

Ezekieli alipomsikia, akamtazama Respicius, akautazama ukuta wenye tundu upande wa reli, kisha akainama taratibu na kuuokota ule mkasi wa chuma uliokuwa umewekwa chini. Na kwenye redio, Kontroli alikuwa ameanza kuhesabu kutoka kumi.

Itaendelea Jumapili.